Kifuko cha Ijumaa

Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa pale chekechea, miaka kumi na mmoja kwenye jiko lile lile, na kabla hujanikodolea macho hivyo nisikilize kwanza. Watu wamesema mengi. Wapo wanaosema nilikuwa nakunywa, mimi ambaye hata chai ya rangi nikinywa jioni usingizi unanipaa. Wapo wanaosema ni uzee, bibi wa watu macho yamekwisha. Macho yangu yanaona vizuri sana, asante. Wewe huwajui watu hawa na wao hawakujui, ndiyo maana nakwambia wewe. Nikimaliza, ukitaka kunitukana, nitukane.

Tulikuwa na watoto arobaini, kuanzia miaka mitatu mpaka sita. Jiko langu lilikuwa na dirisha kubwa linalotazama chumba cha kulia, kwa hiyo nikipakua naona kila mdomo. Na nilichokuwa naona kilikuwa kinanikera. Mtoto anakula wali mtupu, mboga anazisukuma pembeni ya sahani utadhani zimemtukana mama yake. Saa nne, wakati wa kitafunwa, wanafungua vimkoba vyao: biskuti, pipi, vile vitu vya kwenye pakiti vinavyolia kacha kacha na kupaka vidole rangi, na juisi ambayo tunda halijawahi kuiona. Meno ya mbele yameoza, tumbo halifunguki siku tatu. Siku moja akaja muuguzi wa zahanati kuwapima, akawafunua kope mmoja mmoja, akatikisa kichwa mpaka nikahisi anatikisa kwa ajili yangu.

Mwalimu mkuu, tulimwita Mkuu tu, binti ambaye ningeweza kumzaa, akaja jikoni. "Bibi, tufanyeje?"

"Niachie mimi," nikamwambia.

Sikuwalazimisha. Hilo nataka lieleweke. Nina hasira na watu wanaomlaza mtoto mapajani, wanambana pua, wanamtia kijiko. Huko si kulisha, ni kupigana na mtu asiye na nguvu. Mimi nilijaribu kwanza karoti za kuchemsha, wakatema. Nikaziponda, wakatema. Siku moja nikaosha karoti mbichi, nikazimenya, nikazikata vijiti virefu, nikasimama dirishani nikawaambia: "Nikihesabu tatu, wote mnauma pamoja. Nataka nisikie mpaka huku." Nikatega sikio kwa kiganja. Moja, mbili, tatu. Kru! "Sijasikia!" nikawaambia. Wakauma tena kwa nguvu zote, wanacheka, wanasukumana viwiko. Sahani zikarudi tupu.

Baada ya hapo tukaingiza matango, kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, maharage machanga. Muhula haujaisha, mzazi mmoja akanisimamisha langoni: "Bibi, umempa dawa gani huyu? Jana kalilia tango dukani!" Kichwa kikanivimba, sitaficha. Nilitembea na aproni yangu mpaka sokoni ili watu waulize ninafanya kazi wapi.

Na nilikuwa mwangalifu. Usiseme sikujua, maana nilijua. Wa miaka mitatu niliwakwangulia karoti ikawa laini. Wakubwa niliwakatia vijiti vyembamba kwa urefu, kamwe si vya duara. Hakuna kula umesimama, hakuna kukimbia na kitu mdomoni, na anayecheka na mdomo umejaa nilikuwa nampigia kelele mpaka anameza. Kwenye meza yangu hakuna mtoto aliyewahi hata kukohoa. Lakini mimi nilifikiria meza yangu tu.

Tatizo likawa Jumatatu. Wakirudi kutoka nyumbani wamekula biskuti siku mbili mfululizo, unaanza upya. Nikajiambia, hawa watoto wameshabadilika, waliobaki ni wakubwa zao. Hapo ndipo nikazua kifuko cha Ijumaa. Kila Ijumaa mchana kila mtoto anaondoka na kifuko cha karatasi chenye vijiti vinne vya karoti. Kazi yake ni kumlisha mtu mmoja wa nyumbani. Jumatatu anapanda kigoda mbele ya wenzake, anasema amemlisha nani, na sote tunampigia makofi. Za kukwangua zingelowesha karatasi, kwa hiyo za vifuko nilizikata nene, zikae.

Mkuu aliniuliza mara moja, "Bibi, hizi si nene?"

"Wanalishwa watu wazima hizi," nikamjibu. "Au baba zao hawana meno?" Akacheka, akaenda zake.

Jumatatu zile, mama yangu, zilikuwa raha. Mmoja kamlisha baba yake askari, akiwa na sare na kofia. Mwingine kalisha mbuzi, wenzake wakamzomea, makofi akanyimwa, akasusa siku nzima. Nilikuwa nasimama dirishani na mwiko mkononi nacheka mpaka machozi.

Sasa palikuwa na msichana wa miaka mitano tuliyemwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Anaongea akila, anaongea akivaa viatu, anaongea na ukuta. Mama yake alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, baba yake fundi wa kuchomelea mageti, na waliishi na bibi mzaa baba kwenye nyumba ya vyumba viwili. Palikuwa na kaka mdogo wa miezi tisa, mnene ana mikunjo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Huyo walimwita Bonge.

Chiriku Jumatatu tatu hakupanda kigoda. Bibi yake alimwambia, "Meno yangu haya mawili yaliyobaki si ya kuchezea." Baba yake alimwambia, "Mimi si sungura." Mama yake alimwambia, "Weka hapo mezani, nitakula," na hakula, maana mtu akirudi kutoka kufua mashuka ya watu wagonjwa anataka kukaa tu. Jumatatu ya tatu mtoto akaja dirishani kwangu, midomo inatetemeka. "Bibi, kwetu hakuna mtu anataka."

Nikafuta mikono, nikatoka, nikamshika kidevu. Maneno niliyomwambia nayakumbuka yote, nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko jina langu. Nilimwambia: "Hebu fikiri. Kwenu nyumbani, nani hajawahi kabisa kula karoti tangu azaliwe? Huyo ndiye umlishe. Kaa naye mpaka amalize."

Akafikiri, uso ukachangamka. Nikarudi kwenye sufuria zangu. Haki ya nani vile, kichwani mwangu sikuwa na mtu yeyote. Yalikuwa maneno ya kumnyamazisha mtoto.

Ijumaa mama yake alikuja kumchukua, Bonge mgongoni kwenye mbeleko. Nilikuwa langoni nagawa vifuko. Nikamwambia Bonge, "Hujambo, mume wangu?" nikamfinya shavu, akanionyesha meno yake mawili ya chini. Mama yake akanisalimu, "Shikamoo, Bibi," nikaitikia, wakaenda.

Jumatatu Mkuu akatuita ofisini kabla ya kengele. Bonge amefariki. Ijumaa ile ile, jua halijazama, na Jumamosi wameshamzika. Walimu walikwenda kutoa pole, mimi nikabaki na watoto. Waliporudi Mkuu akaja jikoni, akaketi juu ya gunia la mchele, akavua viatu.

"Nyumba ile ina balaa," akasema. "Mama mkwe anamwandama yule dada. Anasema alimnyonyesha amelala, akasinzia, mtoto akapaliwa na maziwa. Anasema mbele ya watu wote, Bibi! Kwamba kamuua mjukuu wake kwa uvivu."

"Na hospitali wamesemaje?"

"Alifika ameshakata roho. Wakasema pumzi iliziba. Basi, mkwe akashika hapo hapo."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu. Nadhani naye ameanza kuamini."

Niliumia kwa ajili yake, nikamlaani yule mkwe kwa sauti, nikaendelea kumenya viazi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa sijui.

Alhamisi Chiriku akarudi shule. Saa nne kasoro akaja dirishani, akashika ukingo kwa vidole, kidevu chake kikafika juu ya mbao. Nilikuwa nakata karoti.

"Bibi, mimi sijapigiwa makofi."

"Makofi ya nini, mjukuu wangu?"

"Ya Jumatatu. Sikuja Jumatatu. Lakini nililisha."

"Ulimlisha nani?"

"Bonge. Si ulisema ambaye hajawahi kula kabisa?"

Kisu nikakiweka chini.

"Mama alikuwa anaanika nguo nje," akaendelea, kama anavyoendelea siku zote, bila kuvuta pumzi. "Bibi wa nyumbani alikwenda dukani. Bonge alikuwa kwenye mkeka. Nikamwambia kru, akacheka, akauma na meno yake. Kipande kikaingia. Nikamwambia tafuna, Bibi wa shule amesema ukae utafune. Akafanya hivi." Akafungua mdomo wake, akatoa macho, akarusha mikono. "Nikampigapiga mgongo kidogo. Halafu akanyamaza, akalala. Nikamfunika na kanga ya mama, nikaenda kucheza."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza. Watu wengi walikuja, wakaniambia nenda nje." Kisha akasema, "Mama anaondoka kesho. Bibi wa nyumbani anasema arudi kwao, mimi nabaki. Bibi anasema mama alimlalia Bonge. Lakini Bonge alikuwa na mimi."

Jamani. Mtoto ananitazama, anasubiri. Nikimkatalia atauliza kwa nini, na nikimwambia kwa nini, nimemwangamiza. Nikampigia makofi. Mimi peke yangu, jikoni, mikono imelowa maji ya karoti, nikapiga makofi mpaka akatabasamu. Nikamwambia, "Hii ni siri yangu na yako, sawa?" Akaitikia kwa kichwa, akakimbilia kwa wenzake. Mimi nikakaa sakafuni na mgongo kwenye kabati, nikalia nimeziba mdomo kwa aproni ili watoto wasisikie.

Nilimfuata Mkuu ofisini, nikamwambia kila kitu. Akafunga mlango.

"Bibi, nyamaza," akasema. "Kwa ajili ya huyu mtoto, nyamaza. Amekwisha kuzikwa."

"Na mama yake?"

"Watapatana. Watu wanagombana msibani, baadaye wanapatana."

"Kesho anafukuzwa. Mtoto anabaki na yule mkwe. Siku moja atakuwa mkubwa, ataelewa, na mama yake hayupo."

"Ukisema, shule inafungwa! Hilo hulioni?"

Nililiona. Na niliona pia kwamba yeye alikuwa anaogopa shule, na mimi nilikuwa najiogopea mwenyewe, na katikati yetu wawili palikuwa na mwanamke asiye na mtu wa kumtetea. Nikavua aproni, nikamwekea mezani. Hakunizuia.

Njiani nilipanga la kusema. Ukweli wote sikuweza kuupeleka. Ningeusema ule, mama angetolewa lawama na lawama ile ile angebebeshwa mtoto wa miaka mitano, tena kwa yule bibi mwenye ulimi ule. Ilibidi iwe juu ya mtu wa tatu. Nikajiambia, wewe si ulitaka kusifiwa mpaka sokoni? Basi na hili libebe.

Nilifika wakati jua linaanza kupungua ukali. Sebule ilikuwa imejaa ndugu, wengine kwenye makochi, wengine chini kwenye mkeka. Baba wa mtoto alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono yake ya makovu ya moto imelala magotini. Mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Mama wa Chiriku alikuwa pembeni kabisa, chini, mgongo ukutani, na begi lake likiwa limefungwa tayari kando yake. Chiriku mwenyewe alikuwa mapajani kwake, anasokota ncha ya kanga yake. Aliponiona akanipungia mkono.

Nikatoa pole. Sikukaa. Niliona nikikaa sitasema tena.

"Nimekuja kuwaambia jambo," nikasema. "Huyu mnamwonea. Mtoto hakupaliwa na maziwa. Ijumaa, pale langoni, mimi nilimpa karoti mbichi mkononi, akiwa mgongoni kwa mama yake. Mama hakuona. Nadhani alikuja nayo mpaka hapa kwenye mbeleko. Ni mimi niliyemuua mtoto wenu. Si yeye."

Mkwe akasimama taratibu, ameshika mkono wa kiti.

"Karoti?" akasema. "Mtoto wa miezi tisa? Wewe mtu mzima na mvi zako?"

"Ndiyo."

"Wewe? Mpishi?"

"Ndiyo, mimi."

Baba wa mtoto akainua uso. Sijui alikuwa anataka kusema nini, maana hapo hapo Chiriku akasimama, amekunja uso kwa hasira.

"Siyo!" akasema, tena kwa sauti ile ya darasani. "Bibi, siyo wewe! Ni mimi ndiye niliyem—"

Mama yake akamvuta. Alimvuta kwa nguvu mpaka mtoto akaanguka mapajani, akamziba mdomo kwa kiganja. Nilimwona yule mwanamke akimtazama mwanawe, halafu akinitazama mimi. Nadhani aliikumbuka kanga. Ile kanga aliyomkuta nayo Bonge amefunikwa vizuri mpaka kidevuni, na yeye hakumfunika. Siku sita alikuwa amejiuliza, na sasa akapata jibu, mbele ya watu wote hao, na hakuruhusiwa hata kupiga yowe.

"Kweli," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, nadhani ndiyo mara ya kwanza kuongea tangu mazishi. "Nilimsikia langoni. Alimwambia, shika, mume wangu, utafune. Nilidhani ni utani."

"Na siku zote hizi umenyamaza?" mkwe akamwuliza.

"Mngeniamini?"

Mkwe akarudi kitini, akaanza kulia kwa sauti, na mwanamke mmoja akasogea akamshika mabega. Mwingine, shangazi sijui, akaliinua lile begi bila kuambiwa na mtu, akalipeleka chumbani.

Chiriku alikuwa anapapatika, anasukuma mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili. Akapata upenyo. "Mama, anasema uongo! Ni mimi nilimlisha, mama, mimi ndiye—"

Mama yake akamchapa kofi. Kofi moja, la mdomo. Nilijua kwa jinsi mtoto alivyoshtuka kwamba hajawahi kupigwa na mama yake maishani.

"Usirudie," akamwambia. "Mtoto mwongo wewe. Usirudie tena maneno hayo, unanisikia? Umeota. Ni yule bibi. Sema ni yule bibi."

"Toka," baba wa mtoto akaniambia. Alikuwa amesimama na amefungua mlango, na hakunigusa. "Toka kwangu kabla sijafanya kitu."

Nikatoka. Kesho yake nilikwenda kituoni mwenyewe, nikasema nilichosema pale sebuleni, wakaandika, na mambo ya huko yana hadithi yake. Lakini jioni ile nilisimama kwanza nje, chini ya dirisha. Ndani watu walikuwa wameanza kuongea wote kwa pamoja, wananilaani, na hilo ndilo nililolitaka. Chini ya sauti zao nilimsikia mama yake akisema tena, polepole sasa, na yeye analia, "Sema, mwanangu. Nani alimpa?"

Mtoto alikataa kwa muda mrefu. Nilihesabu mara nne mama akimwuliza. Mara ya tano akasema.

"Ni Bibi," akasema.